Sifuri Kumi na Tisa

Majibu yalibandikwa Jumatatu saa nne asubuhi, kwenye ubao wa matangazo ulio kati ya mlango wa kantini na mabomba ya kunawia mikono, mahali ambapo hapana mfanyakazi wa kiwanda kile angeweza kupita bila kuyaona. Madereva wa kreni waliofanya jaribio walikuwa kumi na wanne. Kumi walifaulu, wanne walishindwa. Wa mwisho kabisa, mwenye alama ishirini na tisa kati ya sitini, alikuwa yule waliyemwita Pamba.

Jina hilo alipewa na wafunga mizigo wa chini, kwa sababu aliweza kushusha fungu la mabomba la tani sita juu ya magogo bila aliyesimama kando kusikia kishindo. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekaa katika kibanda cha kreni namba mbili, mita kumi na tatu juu ya sakafu, na katika muda wote huo hakuwahi kumjeruhi mtu hata ukucha. Sasa karatasi ilisema kwamba anapoonyeshwa taa nyekundu, zaidi ya nusu ya mara hizo haioni, au anaiona akiwa amechelewa.

Jaribio lenyewe lilikuwa mchezo wa kompyuta. Dereva alikaa mbele ya skrini, akaangalia picha ya mzigo ukisafiri juu ya ukumbi, na kila taa nyekundu ilipowaka alitakiwa kubonyeza kitufe kirefu cha kibodi, kile cha kuachia nafasi, ili kuusimamisha. Taa zilikuwa sitini. Za mwanzo zilipishana kwa sekunde kadhaa, za mwisho zilifuatana mbiombio. Aliyepata chini ya hamsini na nne alihesabiwa kuwa hafai kukaa juu ya vichwa vya watu. Mpango huo ulitakiwa na kampuni ya bima, na uongozi haukuona sababu ya kubishana nao.

Wenzake wangemwonea huruma, kama si jambo moja. Mchezo ule uliandikwa na binti yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyewatangazia, kantini, wiki tatu mfululizo, kila mtu kwa zamu yake, hadi mpishi. Kwa hiyo siku ile hapana aliyejua atazame wapi, isipokuwa mfunga mizigo mmoja mwenye mdomo mrefu, aliyemuuliza kwa upole uliozidi kipimo:

"Pamba, yaani mtoto hata alama moja ya shikamoo hakukupa?"

Watu walicheka, na Pamba alicheka nao. Kisha aliacha chai yake nusu na kutoka.

Aliyeongoza orodha alikuwa dereva wa akiba, kijana aitwaye Nyundo. Sitini kwa sitini. Nyundo alikuwa amewahi kupandishwa kibandani mara mbili kwa majaribio na mara zote akashushwa, kwa kuwa mizigo yake ilitua kwa mdundo na kuvunja magogo. Hakuwa mtu mbaya wala mzembe. Mkono wake tu ulikuwa mzito, alishika kila kitu kana kwamba kitamtoroka. Uongozi uliamua kwamba Ijumaa saa mbili asubuhi ataanza kazi katika kreni namba mbili.

Afisa utumishi alimwita Pamba siku hiyohiyo. Alimkalisha kwenye kiti chenye mguu unaocheza, akamweleza kwamba hapana anayemlaumu, umri ni umri. Aliongeza kwamba wote wanne walioshindwa walikuwa wamevuka miaka hamsini, na kwamba hilo lenyewe linaonyesha jaribio lilivyo sahihi. Kulikuwa na fomu ya ukurasa mmoja: mfanyakazi anakiri kupungukiwa na uwezo, anarudisha leseni, anapewa stahili zake. Alikuwa na muda hadi Ijumaa saa sita mchana. Asiposaini, suala lake litakwenda kwenye kamati, na kamati itatumia karatasi ileile iliyo ubaoni. Akisaini, leseni itapigwa muhuri wa kufutwa, na hapana kiwanda kingine kitakachompandisha tena kwenye kreni maishani mwake.

Alirudishwa nyumbani kwa likizo ya siku tatu ili afikirie.

*

Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Katika kona ya sebule palikuwa na meza ya binti, yenye kompyuta mpakato moja na nyaya nyingi, na mama alikuwa ameapa kwamba siku moja atazifagia nyaya zile pamoja na takataka. Mama alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hospitali. Alipiga pasi mashuka mia mbili kwa siku, na aliporudi nyumbani hakupenda kuona kitu kilichokunjamana, ukiwemo uso wa mtu.

Pamba aliwaambia idadi ya alama, basi. Hakueleza jaribio lilikwendaje. Binti alitaka kuuliza, lakini baba alimkatiza kwa kumsifu kwamba picha za mchezo zilipendeza, hata kivuli cha mzigo kilionekana sakafuni na moshi wa tanuru ulikuwa unapanda. Alisema hayo kwa nia njema kabisa, na binti alitamani asingeyasema.

Siku mbili zilizofuata, ndani ya nyumba kulitokea mabadiliko madogomadogo. Baba aliacha kupokea glasi ya chai mkononi. Alisubiri iwekwe mezani ndipo aishike. Aliacha kujinyoa, akasema ataenda kwa kinyozi. Barabarani alisimama hadi magari yaishe pande zote, kisha akangoja tena kidogo. Taa ya sebuleni ilipoungua alimwomba jirani aje kuibadilisha, yeye mwenyewe akashika kiti tu. Mama, ambaye kwa miaka yote alimwita mumewe mzee kwa mapenzi na utani, aligundua Jumanne jioni kwamba neno hilo sasa si utani tena, na tangu hapo hakumwita kitu.

Jumatano alasiri mama alikuwa uani akianua nguo. Pamba alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta, akitazama chini. Binti alikuwa dirishani. Mama alianua shuka, akatia vibanio vya nguo mfukoni mwa aproni, akamtazama mumewe kwa muda. Halafu alichukua kibanio kimoja na kukirusha kuelekea usoni pake.

Mkono wa Pamba ulipanda na kukidaka karibu na sikio. Macho yake yalikuwa bado chini.

Mama alirusha cha pili, kwa nguvu zaidi. Kikadakwa. Cha tatu alikirusha upande wa kushoto, na mkono wa kushoto ukakipokea.

"Hii ndiyo mikono iliyofeli?" mama aliuliza.

"Kibanio si mtihani."

"Ndiyo, kibanio si mtihani. Kibanio ni kitu cha kweli."

Pamba aliviweka vibanio vitatu juu ya goti, akavipanga. Binti alitoka dirishani, akaja uani, akachuchumaa mbele ya baba yake. Alimwomba amweleze jaribio lilivyokuwa, tangu taa ya kwanza, asiache kitu. 

"Taa inawaka, mimi nabonyeza," Pamba alisema. "Mashine inaandika: umekosa. Inawaka tena, nabonyeza, imekubali. Tena, umekosa. Kidole kinaniambia nimebonyeza, mashine inasema sikubonyeza. Nifanyeje? Siwezi kubishana na kitu ulichokitengeneza wewe. Nikasema basi, sikubonyeza."

Binti alimshika mkono, akampeleka ndani hadi mezani, akafungua mchezo kwenye kompyuta yake. Pamba aliikaribia kompyuta kama mtu anayekaribia sindano. Kidole chake kiligusa kitufe na kuondoka kama kidole cha fundi anayepima kama pasi imepata moto. Taa kumi ziliwaka, akagusa mara kumi, na mashine ikahesabu kumi.

Mama alipiga makofi mara moja. Lakini Pamba aliinuka akiwa ameinama zaidi ya alivyoketi.

"Umeona?" alisema. "Mashine ni nzima. Kumbe siku ile niliogopa. Sasa dereva anayeogopa na dereva kipofu wana tofauti gani?"

*

Binti alikuwa hamsikii tena. Alikuwa akikumbuka alasiri moja, mwezi mmoja na nusu uliopita, ambayo wakati ule aliiona kuwa alasiri ya kawaida ya kazi.

Mchezo wa kompyuta ni mzunguko. Programu inaangalia kilichotokea, inasogeza vitu, inachora picha, kisha inaanza tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Kibodi inaweza kuhusishwa na mzunguko huo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuiacha kibodi ilete taarifa kila kitufe kinapoguswa na kila kinapoachiwa. Taarifa hizo zinapanga foleni, na kila mzunguko unaimaliza foleni kabla ya kufanya jambo lingine. Hapo hapana mguso unaopotea, hata mashine iwe nzito kiasi gani. Njia ya pili ni kuiuliza kibodi, mara moja katika kila mzunguko: je, sasa hivi kuna kidole juu ya kitufe?

Yeye alianza kwa njia ya kwanza. Lakini mtu akikishikilia kitufe, kibodi hurudiarudia kutuma taarifa ileile, na hesabu zilikuwa zinajirudia. Dawa ya hilo ilikuwepo na aliijua: kuzitambua taarifa za marudio na kuziacha. Ingemchukua siku nzima kuiandika na kuijaribu. Bosi wake, mwenye ofisi ndogo ya kuandika programu, alikuwa ameahidi kukikabidhi kiwanda kazi hiyo kesho yake. Basi aliifuta foleni, akaweka swali. Kwenye kompyuta yake, iliyozunguka mara sitini kwa sekunde, swali lilijibiwa vizuri kila mara. Aliomba nafasi ya kwenda kujaribu kwenye mashine za kiwandani, na bosi akasema hilo atalishughulikia mwenyewe.

Sasa aliilazimisha kompyuta yake iende polepole, mizunguko sita tu kwa sekunde, kama ambavyo kompyuta ya zamani, mfano wa zile za kiwandani, ingekwenda ikibebeshwa kivuli na moshi aliouchora. Alibonyeza mara kumi, kwa mguso wa baba yake. Mashine ilihesabu tano. Alirudia. Nne. Akarudia tena. Tano.

Kidole cha baba kilikuwa kinafika na kuondoka katikati ya maswali mawili. Mtu mwenye kidole cha taratibu alikutwa na swali kidole kikiwa bado mahali pake. Kwa hiyo mchezo ule ulikuwa umepima kitu kingine kabisa, na aliyekuwa mwepesi kuliko wote ndiye aliyewekwa mkiani. Ama hao wengine watatu walioshindwa, nao walikuwa wakongwe, na mkono wa mkongwe wa kreni hujifunza kugusa na kuachia.

*

Alhamisi asubuhi alimweleza bosi wake. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme, na bosi alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si la kawaida yake. Alikiri kwamba hakwenda kiwandani kujaribu mashine. Aliwatumia tu programu, wao wakasema imefunguka. Kisha akamwambia arekebishe kimyakimya katika toleo lijalo.

Binti alisema toleo lijalo ni mwezi ujao na saini ni kesho.

"Dada, nikuulize kitu," bosi alisema. "Kati ya wote walioshindwa, wa mwisho ni nani?"

"Baba yangu."

"Na aliyeandika mtihani ni nani? Na anayekuja leo, siku moja kabla, kusema mtihani una kasoro, na kasoro yenyewe kwa bahati inamfaulisha wa mwisho, ni nani?" Alingoja. "Mimi nakuamini. Sijui mwingine atakayekuamini."

Hilo lilikuwa kweli, na kwa kuwa lilikuwa kweli binti hakupoteza muda kulibishia. Alirudi mezani pake kutafuta ushahidi usiomhusu baba yake.

Mchezo ulikuwa ukihifadhi kila jibu na muda wake, tangu taa kuwaka hadi mashine kukiona kidole, na kuituma orodha ofisini kwao. Uongozi uliletewa alama na wastani wa muda tu, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyokuwa vimeombwa, na tangu siku ya jaribio hapana mtu aliyefungua orodha kamili, naye mwenyewe akiwemo. Sasa aliifungua. Alianza na aliyepata zote, ili aone kidole cha taratibu kinaonekanaje kwenye namba.

Taa arobaini za mwanzo, Nyundo alikuwa wa kawaida, hata mzito kidogo. Baada ya taa ya arobaini na moja, ya kwanza kati ya zile zilizofuatana mbiombio, safu ya muda iliandika sifuri. Ikafuata sifuri nyingine. Alihesabu kwa kalamu ili asijidanganye: kati ya taa ishirini za mwisho, kumi na tisa zilikuwa zimejibiwa kwa muda wa sifuri.

Hapana mtu anayejibu kwa sifuri. Jicho pekee linahitaji muda, na mkono unahitaji wake. Nyundo hakuwa amejibu taa zile. Alikuwa amebonyeza kitufe na kukisahau kidole chake hapohapo, na kila taa ilipowaka, programu iliuliza kama kuna kidole, kikawepo, ikampa alama. Hakudanganya. Inawezekana hata hakujua. Kantini walimsifu kuwa ana kasi ya umeme, na yeye aliamini, kama Pamba alivyoamini kinyume chake.

Binti aliiweka kalamu chini. Hadi saa ile alikuwa amefikiri kosa lake limemtoa mtu mmoja kibandani. Hakuwa amefikiri limempandisha nani.

Alipiga simu kiwandani. Mkuu wa usalama, mwanamke ambaye wafanyakazi walimwita Mama Usalama na kumwogopa kuliko mkurugenzi, alikuwa safarini hadi kesho. Katibu wake aliandika miadi: Ijumaa, saa mbili na robo.

Jioni, mezani, binti aliwaeleza wazazi wake kila kitu na kumtaka baba asisaini. Pamba aliuliza bosi amesemaje. Binti hakuwa na mazoea ya kusema uongo, akamwambia. Pamba aliitikia kwa kichwa, akauliza kama kazi ya binti itakuwa hatarini iwapo wataamua kwamba anampigania baba yake. Binti alisema huenda. Baba aliitikia tena, akamalizia chakula, na mama aliyekuwa akimtazama alijua kwamba ameshaamua jambo, ila alidhani ni kutosaini.

*

Ijumaa Pamba aliondoka nyumbani mapema kuliko wote. Saa moja na nusu alikuwa mbele ya afisa utumishi, ambaye hakuwa hata amevua koti. Alisaini bila kukaa. Afisa alishangaa, akamkumbusha kwamba ana muda hadi saa sita.

"Nisingependa waseme mtoto amepindisha mtihani kwa ajili yangu," Pamba alisema. "Andika kwamba nimekubali majibu. Andika na saa."

Afisa aliandika na saa. Leseni ilipigwa muhuri. Alielekezwa aende stoo kurudisha viatu vya kazi, kofia ngumu na ufunguo wa kabati, kisha getini kusubiri karatasi ya kutokea.

Saa mbili na robo binti aliingia kwa Mama Usalama. Hakuanza na baba yake. Aliomba waende chumba cha mafunzo, akaifungua kompyuta ileile ya jaribio, akamwomba mama yule aguse kitufe mara kumi kwa haraka, kila taa iwakapo. Mama Usalama aligusa. Mashine ilihesabu nne. Alitazama kidole chake, akarudia kwa makini zaidi, ikahesabu tano. Binti akamwomba abonyeze na asiachie. Taa zikawaka moja baada ya nyingine huku mama yule akiwa amegeuka kuangalia ukuta, na mashine ikampa zote.

Kisha binti alimwekea mbele safu ya namba ya Nyundo, sifuri zikiwa zimepigiwa mstari.

Mama Usalama alizisoma hadi chini. Hakuuliza kosa ni la nani. Binti alimwambia mwenyewe kwamba ni lake. Hakuuliza kuhusu Pamba. Aliangalia saa ya ukutani, iliyoonyesha tatu kasoro dakika kumi na mbili, akachukua redio ya mkononi na kutoka, na binti akamfuata.

Ukumbini, kreni namba mbili ilikuwa katikati ya safari. Fungu la mabomba, urefu wa mita sita, lilikuwa likipita juu ya njia ya watembea kwa miguu, na chini yake wafunga mizigo wawili walikuwa wakitangulia kuandaa magogo. Mama Usalama aliamuru kwenye redio, kwa sauti ya kawaida, simamisha. Mzigo uliendelea. Aliamuru tena. Uliendelea kwa muda ambao baadaye kila aliyekuwepo aliukadiria tofauti, na uliposimama ulisimama ghafla. Fungu likatupwa mbele, likarudi, likatupwa tena, na katika kurudi mara ya tatu mnyororo mmoja uliteleza hadi karibu na ncha ya mabomba. Wafunga mizigo wale walikuwa wameshalala chini kando ya ukuta. Hapana aliyeumia.

Mzigo ulibaki ukining'inia juu ya njia, ncha moja chini kuliko nyingine, ukiyumba.

Nyundo aliteremka ngazi akiwa amejaa jasho. Alisema aliachia wenzo wa kuendeshea mara tu aliposikia. Aliwageukia mmoja mmoja, akarudia, mara tu niliposikia. Alikuwa anasema anachokiamini, na Mama Usalama alimwambia akae chini, anywe maji.

Mzigo haungeweza kuachwa vile. Mnyororo ulikuwa umebakiza upana wa kiganja. Kuushusha kulihitaji miguso mifupi mno ya wenzo, mmoja, kisha kungoja myumbo utulie, kisha mwingine, na dereva wa kreni namba moja, aliyefaulu kwa alama hamsini na tano, alipoulizwa alisema wazi kwamba hawezi, tena akasema nani anaweza. Mtu akatumwa getini mbio.

Pamba alikuwa bado kwenye benchi la mlinzi, karatasi yake ikisubiri saini ya mwisho. Alikuja na viatu vyake vya nyumbani. Mama Usalama alimweleza kwa sentensi tatu: jaribio limeonekana lina kasoro, alama zake hazina maana, na leseni ni jambo ambalo yeye mwenyewe atalijibu mbele ya mkurugenzi. Kisha akaonyesha juu.

Pamba aliutazama mzigo, akautazama mnyororo. Zamani angekuwa ameshafika nusu ya ngazi. Alimgeukia binti yake, aliyesimama nyuma ya mstari wa njano na karatasi zake.

"Kwa hiyo ilikuwa mashine."

"Ilikuwa mashine, baba. Ilikuwa mimi. Mikono yako haina tatizo."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alifikiri juu ya jibu hilo. Hapakuwa na hasira usoni pake, wala lawama. Alikuwa mtu anayetaka kujua jambo kabla ya kuliweka juu ya vichwa vya wenzake.

"Na wiki ile ulipowakabidhi," aliuliza, "hukuwa na hakika?"

Binti alitazama karatasi zake. Alikuwa na orodha ya namba mkononi, zote sahihi, na hapana hata moja iliyojibu swali lile.

"Nilikuwa nayo," alisema.

Pamba aliitikia kwa kichwa. Alipokea kofia ngumu ya mtu mwingine, iliyombana, akauliza kama watu wote wameondolewa chini. Mama Usalama aliamuru ukumbi utolewe watu, na wakaanza kurudi nyuma kuelekea milangoni bila kugeuza migongo, kila mmoja akiangalia juu.

Kisha alianza kupanda. Alikuwa amezipanda ngazi zile kwa miaka ishirini na miwili huku akiongea na walio chini, mara nyingi akiwa na chupa ya chai mkono mmoja. Sasa alizishika reli kwa mikono miwili. Kwenye kituo cha kwanza cha kupumzikia alisimama, akaachia reli, akanyoosha vidole mbele ya uso na kuvitazama, kama mtu anayewatazama wageni waliodai kuwa ni jamaa zake. Akashika tena, akapanda hadi cha pili, akasimama tena. Juu yake mzigo ulikuwa bado unayumba, kidogo, upande wa mnyororo ulioteleza, na vituo vya ngazi vilikuwa vimebaki vitatu.